Sura ya Sita: Gunzi Wasilolishika

"Kaza, Sajenti. Usiitazame sindano, tazama gunzi."

Sajenti Ouma akakaza. Gunzi la hindi lilikuwa kavu, limesuguliwa na viganja vingi hadi likaanza kung'aa. Juu ya kiwiko chake ulikuwa umefungwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Rubeni Nyamhanga, mganga msaidizi wa zahanati ya kijiji cha Nyabikondo, alipapasa mshipa kwa kidole kimoja, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha akachoma. Damu ikaingia ndani ya bomba la kioo, nyeusi kuliko Ouma alivyotarajia.

"Sasa legeza."

Ouma akalegeza. Rubeni akafungua mpira, akabana pamba mahali pa kidonda, akaimimina damu katika kichupa, akatia kizibo na kukizungushia plasta. Mikono yake haikuwa na papara hata mara moja.

"Na wagonjwa wote wa ule utafiti, ulimpa kila mmoja gunzi hili?" Ouma aliuliza.

"Hili au lingine kama hili. Wengi vidole vyao havikunjiki, Sajenti. Ukimwambia mgonjwa wa namna hiyo akunje ngumi unamtesa bure. Gunzi analishika vile anavyoweza, na mshipa unainuka."

"Mlifundishwa chuoni?"

"Hapana. Nilianza hapa hapa."

Ouma alishusha mkono wa shati lake. Aliomba atolewe damu kwa sababu hakupenda kupeleleza kazi ambayo hajaiona ikifanywa. Miaka aliyokaa katika ofisi ya upelelezi kule Bomani ilikuwa imemfundisha kwamba mtu husahau upesi alichoambiwa, lakini hasahau upesi alichofanyiwa mwilini.

Alitoka nje. Mvua ilikuwa imekatika, lakini mto Mara ulisikika mpaka pale, ukivuma kama mashine ya kusaga. Siku moja baada ya yeye kuvuka, maji yalikuwa yamelifunika daraja la magogo, na gari la polisi likabaki ng'ambo ya Tarime. Hakuna aliyeingia kijijini, hakuna aliyetoka. Sajenti alikuwa amefika Nyabikondo kutafuta mtu aliyebadili damu, na sasa yeye, na mtu huyo, na wote walioumizwa na jambo hilo, walikuwa wamefunikwa na tenga moja.

Daktari Agustina alikuwa ameinama barazani, akipampu jiko la mafuta lililochemsha sindano kwenye sufuria. Alikuwa mtu wa Bukoba, mtafiti wa Serikali, na barua yake ya malalamiko ndiyo iliyomleta Ouma.

"Umeridhika?" aliuliza.

"Mganga wako ana mkono mwepesi. Hebu nieleze tena kuhusu hizo damu, Daktari. Nieleze kama unavyomweleza mtu ambaye hakusoma."

"Umesoma wapi wewe?"

"Darasa la saba, halafu barabarani."

Daktari alicheka kidogo, akapunguza moto. "Mwaka ule watu walipohamishiwa hapa, mvua ilipokolea, ilipita homa. Ililetwa na mbu. Iliingia karibu kila nyumba. Wengi waliugua juma moja wakapona. Wengine homa iliwaacha lakini maumivu hayakuwaacha hadi leo. Viungo vinavimba. Mtu akilima tuta moja analala siku mbili. Nataka kujua kwa nini. Je, kile kirusi kimejificha mahali mwilini? Au kilikwisha kufa zamani, ila mwili haujapata habari, unaendelea kupigana na viungo vyake wenyewe? Sijui. Sidhani kama yupo anayejua. Lakini kabla sijauliza hayo, lazima nithibitishe kwanza kwamba wagonjwa hawa kweli walipata homa ile. Aliyeipata, damu yake huweka alama. Alama hiyo hukaa miaka."

"Na wale kina mama watano hawana alama."

"Ndio wagonjwa kuliko wote, Sajenti! Na majibu ya vichupa vyao yamerudi kutoka maabara kwamba damu ni safi kabisa."

"Hapa kijijini, nani mwenye damu safi namna hiyo?"

Daktari alifikiri. "Waliokuja baada ya homa kupita. Mimi. Mwalimu mkuu. Rubeni. Msichana wa duka la ushirika. Wengine wachache."

Ouma aliyaweka majina hayo kichwani, akaondoka.

Jibu hilo la maabara lilikuwa limesomwa wilayani kwa namna nyingine. Huko walisema: kama damu ni safi, basi ugonjwa ni wa mdomoni. Wanawake watano hawakuonekana katika shamba la kijiji msimu mzima, na shamba lilikuwa limelimwa nusu. Amri ikaja kwamba wafungiwe ghalani hadi lori liwachukue kwenda mahakamani kwa kosa la kukaidi kazi. Lori lilikuwa tayari ng'ambo. Lilikuwa linangoja maji yashuke tu.

Mwenyekiti wa kijiji, Kisyeri, alimpokea Ouma mbele ya nyumba yake, nyumba pekee iliyokuwa na sakafu ya saruji.

"Sanduku la barafu lenye vichupa vya damu lililala hapa kwako kabla ya kupelekwa maabara," Ouma alianza.

"Lililala. Mlango wangu ndio wenye kitasa."

"Na wewe ulilala humo humo?"

"Sasa mimi ndiye mwizi wa damu?"

"Sijasema hivyo, Mwenyekiti."

"Unauliza kama unasema. Ninyi watu wa ziwani mna maneno laini kama samaki, mfupa tunaukuta kooni." Kisyeri alimsogezea kigoda. "Sikiliza, mura. Damu ya ng'ombe naijua, nimeinywa na maziwa tangu utoto. Damu ya wake za watu niifanyie nini? Na kama ningetaka kubadili, si ningebadili zote? Kijiji kizima kingetoka kizima, kingelima, nami ningesifiwa mpaka Musoma. Nibadilishe tano tu, zinipe kazi ya kufunga mama zangu ghalani?"

Ouma aliona hoja hiyo ni nzuri. Mwenyewe alikuwa amekwisha ipima kwa upande mwingine. Kama vichupa vingeharibiwa na joto usiku ule, vingeharibika vyote, maana vilikaa katika sanduku moja na barafu moja iliyotoka kambi ya watalii. Tena, watu wa maabara walisema plasta zote zilifika zikiwa hazijaguswa, wakazikata wenyewe. Basi kosa halikufanyika nyumbani kwa Kisyeri wala njiani. Lilifanyika kabla ya plasta kuzungushwa, siku ile ile ya kutoa damu.

"Nifungulie ghala," alisema.

Njiani walipita nyuma ya nyumba ya Rubeni. Tangu alipofika, Ouma alikuwa ameona kwamba ukuta wa nyuma wa nyumba ile ulitobolewa mlango, na udongo uliosiribwa kwenye kingo zake ulikuwa mpya kuliko wa ukuta. Mtu anayejifanyia mlango wa nyuma, alikuwa amewaza, ana kitu cha kupitisha bila kuonekana. Bado aliwaza hivyo.

Asubuhi nzima alikuwa amezunguka kwa wagonjwa wengine, akimwuliza kila mmoja swali lile lile: siku ya damu, ulifanyiwa nini? Watu hawakufanana katika jambo lolote isipokuwa moja. Mmoja alisema mpira ulikuwa mweusi, mwingine alisema mwekundu. Mmoja alisema alilia, mumewe akabisha. Lakini wote walitaja gunzi. Simoni, fundi wa baiskeli, ambaye sasa alishindwa hata kukaza nati, alisema, "Nilimwuliza, nikilikaza sana ndio utanipa na mahindi yake?"

Kisyeri alifungua kufuli. Ghala lilinuka pamba na dawa ya kunyunyizia pamba. Kina mama watano walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu. Hakuna aliyeinuka. Ouma aliona kwamba haikuwa dharau, kwani mmoja alijaribu, magoti yakamkatalia nusu njia, akarudi chini taratibu.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," alijibu aliyekuwa karibu na mlango, mwanamke mrefu mwenye mvi, jina lake Mokami. "Umetuletea lori?"

"Lori halina njia, mama. Mto umejaa."

"Basi mto una huruma kuliko mwenyekiti."

"Nimekusikia, mama," alisema Kisyeri.

"Nilisema ili usikie."

Ouma alikuwa amebeba birika la chai kutoka zahanati. Akawamiminia. Mokami hakushika mpini wa kikombe. Alikiweka kati ya viganja viwili vilivyonyooka, kama mtu anayesali, akakiinua mpaka mdomoni. Ouma alingoja anywe.

"Mama, ulitolewa damu?"

"Nilitolewa."

"Na nani?"

Mokami alitazama chai. "Na yule wa zahanati."

"Alikufanyia nini?"

"Alinifunga kamba mkononi. Akaniambia nikunje ngumi. Nikakunja. Akachoma."

Ouma akamgeukia wa pili. Alifungwa kamba, akaambiwa akunje ngumi, akakunja, akachomwa. Wa tatu, vivyo hivyo. Alipofika kwa wa tano hakuhitaji kusikiliza tena. Watu watano waliopitia jambo moja hulisimulia kwa njia tano. Hawa walisimulia kwa njia moja, na maneno yao yalikuwa yamelingana kama nyumba za kijiji kile.

"Hakukupeni kitu cha kushika?"

Walitazamana. "Kitu gani?" aliuliza Mokami.

"Chochote."

"Hapana."

"Mama, naomba unionyeshe. Ile ngumi. Ulikunjaje?"

Mokami aliweka kikombe chini. Aliinua mkono wa kulia, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Vidole vilianza kuinama, vikafika katikati, vikasimama hapo vikitetemeka.

"Siku hiyo vilikuwa vinakunjika," alisema.

"Sawa, mama," Ouma alijibu. "Kunywa chai yako."

Nje, alipojua sauti haifiki ndani, alimwuliza mwenyekiti, "Hawa wanakaa nyumba zipi?"

"Zimetawanyika. Mokami yuko mstari wa kwanza. Wawili wako mstari wa nyuma, karibu na shule. Wale wengine kule bondeni. Nyumba ziligawiwa kwa namba. Hakuna aliyechagua jirani."

Hilo Daktari Agustina alikuwa amekwisha mwambia. Alichora mistari ya nyumba, akatafuta kwa nini watano hawa na si wengine, hakuona kitu.

"Na kabla ya kuhamishwa?"

"Kabla?" Kisyeri alishangaa, kama aliyeulizwa jambo linalojulikana na kila mtoto. "Walikuwa boma moja huko mlimani. Watatu ni wake za marehemu mzee Wangwe. Wawili ni wake za mdogo wake."

"Mzee Wangwe aliacha mabinti?"

"Wengi. Wameolewa Natta huko, Matongo, kila mahali. Mmoja ndiye yuko hapa hapa, Nyangi, binti wa Mokami. Mumewe si yule..."

Mwenyekiti hakumaliza. Alisimama katikati ya njia, mkono kwenye kofia.

"Malizia," alisema Ouma taratibu.

"Mumewe ni Rubeni," Kisyeri alisema. "Lakini sisi tulijua hao walitolewa damu na mama daktari! Hata Mokami aliposema yule wa zahanati, nilidhani ni yeye. Mkwe atamshikaje mkono mama mkwe wake? Amfunge mpira? Hata kichaa hafanyi hivyo."

"Mama daktari siku hiyo alikuwa amelala Natta, anatetemeka malaria. Na yeye alijua aliyewatoa ni Rubeni."

"Hakuuliza?"

"Nanyi hamkuuliza. Mimi pia sikuuliza mpaka sasa hivi."

Ouma alikwenda peke yake hadi mbele ya nyumba ya Rubeni. Hakuwahi kuitazama kwa mbele. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na kizingitini majani yalikuwa yameota hadi kifundo cha mguu. Aligeuka kuona mlango huo unatazamana na nini. Ng'ambo ya njia, hatua za mtu anayeazima chumvi, ulikuwa mlango wa Mokami.

Kwao Shirati, mwaka aliooa, alikuwa amekutana na mama mkwe wake kwenye njia ya shambani. Aliingia katika mtama na baiskeli yake, akachuchumaa mpaka mama yule akapita, na mpaka leo walikuwa hawajala chakula mbele ya macho ya mmoja na mwenzake. Lakini Shirati kulikuwa na mtama wa kujificha. Hapa mtu alipewa namba, akapewa nyumba, akafunguliwa mlango uso kwa uso na mtu asiyepaswa kumtazama. Mlango wa nyuma haukuwa wa kupitishia wizi. Rubeni aliutoboa ili apate mahali pa kutokea.

Alimkuta zahanati anafuta meza.

"Rubeni, nitakuuliza kuhusu vile vichupa vitano. Si lazima ujibu. Ukijibu nitaandika, na nilichoandika kinaweza kusomwa mahakamani. Umenielewa?"

Kitambaa kilisimama. "Vilianguka," Rubeni alisema upesi. "Niliwatoa damu, nikaviangusha, vikavunjika. Nikaogopa. Nikajaza vingine kwa damu yangu. Andika hivyo."

"Vilianguka vitano."

"Ndiyo."

"Vichupa vya mama wakwe zako watano vikaanguka pamoja, vya watu wengine vyote vikabaki mezani."

Rubeni alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Aliushika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Uliwaona siku hiyo?" Ouma aliuliza.

"Niliwaona wakiingia uani. Nikatokea dirishani."

"Kwa nini hukumngoja Daktari?"

"Barafu ilikuwa inayeyuka, gari linaondoka alfajiri. Na yeye alisema asikosekane mtu hata mmoja. Ningemwambia nini, Sajenti? Chuoni tukitaja mila walitucheka. Nikasema, vichupa ni vingi, vitano havitamzuia kuona anachotafuta. Nikajitoa damu bomba moja, nikaigawa. Sikujua kichupa kinaweza kumfunga mtu."

"Kimewafunga. Na wewe umeendelea kukaa kimya."

"Nilimtuma Nyangi kwao, akawaambie waseme kweli kwamba sikuwatoa. Wakamrudisha na jibu: sisi tumekwisha kubaliana."

Hapo ndipo Ouma alipoona ukubwa wa mtego. Akiandika maneno ya Rubeni peke yake, wilayani watasema mkwe anadanganya kuwaokoa wakwe zake, maana watano wenyewe wameapa walichomwa sindano. Akiandika ya wale watano, wanapanda lori. Njia ilikuwa moja, nayo ilihitaji watu wawili wasioweza kukaa mahali pamoja waseme neno moja.

"Njoo," alisema. "Tutapita nyuma."

Alimkalisha Rubeni nje ya ghala, upande wa nyuma, juu ya kinu kilichopasuka, mgongo wake ukiwa umegusa ukuta. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, na udongo ulikuwa umeanguka huku na huku. Kisha Ouma akazunguka, akaingia kwa mlango pamoja na Daktari Agustina. Kisyeri alisimama kizingitini na ufunguo wake.

"Sajenti," ilisema sauti ya Rubeni kupitia fito, "waambie mama zangu kwamba damu ile ilikuwa yangu."

Mokami alijifunika kanga uso mzima kwa ghafla. Wenzake wakafanya hivyo hivyo.

"Mama, umesikia?" Ouma aliuliza.

"Mimi sina masikio ya kusikiliza ukuta. Kama kuna neno, niambie wewe."

Ouma akalirudia.

"Mwambie aliye huko," alisema Mokami chini ya kanga, "kwamba sisi tumekwisha sema. Tulifungwa kamba. Tulikunja ngumi."

"Amesema..."

"Waambie," Rubeni alisema, "kwamba jela ya Tarime kuna kulima. Watapigwa."

Ouma alilirudia hilo pia.

"Sisi tutakaa chini," Mokami alijibu. "Hapa tunakaa chini, huko tutakaa chini. Yeye ana watoto wadogo, na binti yangu hajui kulima peke yake. Mwambie aende kazini kwake."

Daktari Agustina alipiga magoti mbele yake. "Mama, ni mimi niliyekosea. Sikuuliza. Lakini sikiliza. Nikipata damu yenu ya kweli leo, ikivuka mto, itasema kwamba mnaumwa tangu ile homa. Bila hiyo, kila mwenye ugonjwa huu, hapa na vijiji vingine, ataitwa mvivu kwa sababu ya vichupa vyenu vitano."

Mto ulivuma. Mwenzake mmoja alimnong'oneza kitu kwa Kikurya, naye akatikisa kichwa.

"Damu hiyo itasema sisi si wavivu?" aliuliza hatimaye.

"Itasema," alijibu Daktari.

"Na itasema yeye ni mwongo."

Mokami akamgeukia Ouma, kanga ikiwa bado usoni. "Wewe wa polisi. Sheria yenu inajua ukwe ni kitu gani?"

"Sheria haijui, mama. Mimi najua. Nitaandika alichofanya, na nitaandika kwa nini. Hakimu wa Tarime naye ana mama mkwe."

Kutoka gizani kwenye kona mmoja wao alicheka, cheko fupi la kushtukiza, na wote wakalegea kidogo.

"Haya," alisema Mokami. "Andika. Hatukuchomwa. Tulifika uani, tukaona hayupo, tukajua kwa nini hayupo, tukarudi nyumbani na heshima yetu. Tulipoulizwa tukasema tulichomwa, ili asifukuzwe." Akainua kichwa. "Wewe ulijuaje?"

"Gunzi, mama."

"Gunzi gani?"

Ouma alizunguka nje. Rubeni alikuwa amelitoa mfukoni kabla hajaombwa. Ouma akarudi nalo, akaliweka juu ya kiganja cha Mokami.

"Kila aliyetolewa damu hapa alishika hili. Hakukunja ngumi mtu yeyote."

Mokami aliligeuza kwa kiganja cha pili. "Kumbe sisi tulimkumbuka nesi wa misheni wa zamani," alisema. "Yeye ndiye alikuwa wa ngumi."

Daktari alianza kazi mara hiyo hiyo, mlangoni, palipokuwa na mwanga. Wa kwanza alitoa upesi. Wa pili mshipa ulikimbia, ikabidi kuchoma mara mbili. Ouma alikaa juu ya gunia akiandika maelezo, akitoka nje kumsomea Rubeni kila alipomaliza sentensi kadhaa, akirudi ndani kuwasomea kina mama. Kazi ilikwenda polepole kama kusaga ulezi kwa jiwe. Wa tatu alipomaliza, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mlima. Wa nne Daktari alipata matone tu ya kutosha, akatokwa na jasho. Sindano zilizochemshwa zikaisha, na jiko likakohoa na kuzimika. Mafuta yalikuwa yamekwisha, na ya duka la ushirika yalikuwa ng'ambo pamoja na lori.

"Wa mwisho, mama Mokami, siwezi kumchoma kwa sindano chafu," alisema Daktari. "Na mshipa wake siuoni. Kesho kukipambazuka. Nitachemsha kwa kuni."

Kisyeri, ambaye alikuwa amekwenda mtoni, alirudi akiwa na tope hadi magotini. Hakumtazama mtu usoni.

"Magogo ya daraja yameonekana," alisema. "Dereva amepiga honi. Anavuka asubuhi."

"Hawezi kuwachukua," alisema Daktari. "Umesikia walivyosema!"

"Nimesikia mimi. Yeye ana karatasi. Sajenti naye awe na karatasi, yenye sahihi zote, kabla ya lori. Bila hiyo mimi ni mwenyekiti tu." Alilipima kufuli mkononi. "Na usiku huu amri ni kufunga."

Ouma alitazama maelezo yake. Yalibaki ya Mokami, ambaye bila damu yake wilayani wangesema wanne ni wagonjwa kweli, ila yeye amejificha nyuma yao. Yalibaki pia alama za dole gumba za wote, na maneno ya mwisho ya Rubeni. Mwanga ulikuwa umekwisha.

"Alfajiri," alisema.

Mokami alikuwa amelishika gunzi kati ya viganja viwili kama alivyoshika kikombe. Alijaribu kukunja kidole kimoja juu yake. Kilishuka kidogo, kikakwama.

Upande wa nyuma, kinu kilikwaruza ukuta. Rubeni alikuwa bado hajaondoka.

"Sajenti," alisema, "mwambie alale nalo. Likipata joto la mkono, vidole vinalizoea."

Ouma alimgeukia Mokami. "Mama, amesema..."

"Nimesikia," alisema Mokami.

Kisyeri akafunga mlango taratibu, akatia kufuli.